Mkutubi wa shule Marekani: mwalimu anayerudi darasani kusomea maktaba

Katika shule za Marekani kuna cheo ambacho ukikitafsiri neno kwa neno kinapotosha: mtaalamu wa midia wa maktaba ya shule. Anayekisikia mara ya kwanza hudhani ni mtu wa redio na magazeti. Sivyo. Midia hapa ni chochote kinachobeba maarifa, kiwe kitabu, ramani, filamu, rekodi ya sauti au hifadhidata ya mtandaoni. Jina hili lilipata nguvu mwaka 1969, Chama cha Wakutubi wa Shule cha Marekani kilipotoa viwango vipya kwa kushirikiana na Chama cha Taifa cha Elimu, vikitaka vitabu na vifaa vya picha na sauti viwekwe chini ya mpango mmoja. Mwaka 2010 chama hicho cha wakutubi kilirudi kwenye jina jepesi, mkutubi wa shule, ingawa baadhi ya majimbo, kama Georgia, yameendelea kutumia la zamani.

Mwalimu huingia kazi hii hasa kwa kusoma shahada ya uzamili. Chama kinatambua njia mbili: shahada ya ukutubi katika programu iliyoidhinishwa na Chama cha Maktaba cha Marekani, au uzamili wenye mkazo wa ukutubi wa shule katika chuo ambacho mafunzo yake ya ualimu yana ithibati. Cheti chenyewe hutolewa na jimbo, kwa hiyo masharti hayalingani. Texas hutaka shahada ya uzamili, miaka 2 ya kufundisha darasani, na kufaulu mtihani wa wakutubi wa shule.

Masomo yapo mengi: kuorodhesha na kuainisha vitabu, fasihi ya watoto na vijana, bajeti, teknolojia. Lakini mawili ndiyo yanayomgeuza mwalimu kuwa mkutubi, na hayo nayatilia uzito.

La kwanza ni kumhoji msomaji. Mtoto anafika mezani na kusema, "Nataka kitabu cha mbwa." Mwalimu aliyezoea kujibu haraka atamwonyesha rafu ya wanyama na kuendelea na shughuli zake. Mkutubi aliyefunzwa humuuliza taratibu: "Ungependa kujua nini kuhusu mbwa?" Mtoto anasitasita, kisha anasema mbwa wao amekufa juzi. Hapo kitabu cha aina za mbwa hakina msaada. Anahitaji hadithi ya mtoto aliyefiwa na mnyama wake. Ustadi wa swali hilo moja hufundishwa na kurudiwa, kwa sababu watu wazima nao mara nyingi huomba kitu kilicho jirani tu na kile wanachokihitaji.

La pili ni kupalilia rafu, yaani kuondoa vitabu vilivyochakaa au kupitwa na wakati. Hili huwauma walimu wengi, maana wamelelewa kuheshimu kila kitabu. Lakini chukua kitabu cha sayari kilichochapwa mwaka 1995. Jalada zima, picha nzuri, na ndani yake Pluto ni sayari ya tisa. Tangu 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia umeiweka katika kundi la sayari kibete. Kitabu hicho kikibaki rafuni kitamfundisha mtoto jambo ambalo mwalimu wake wa sayansi atalikata kwa kalamu nyekundu.

Ualimu wenyewe hauachwi. Viwango vya chama humtaka mkutubi apange masomo pamoja na walimu wenzake: mwalimu wa historia analeta mada, mkutubi anafundisha jinsi ya kuuliza swali la utafiti, kupima kama chanzo kinaaminika, na kutaja kilikotoka. Ugumu upo hapa, kwani zamani alikuwa na darasa lake, sasa lazima akaribishwe kwenye madarasa ya wengine.

Ndiyo maana programu hizi huwa na mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi hukaa kwenye maktaba ya shule chini ya mkutubi mzoefu, akiazimisha vitabu, akifundisha, akiingia vikao vya walimu. Kwa aliyekuwa na wanafunzi 25 aliowajua kwa majina, kazi ya wiki ya kwanza huwa ni kuanza kujifunza majina ya shule nzima.