Tawakali na kutegea

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha chama chetu hapa Pangani, shemeji yangu ambaye ndiye mweka hazina aliulizwa karatasi ya shilingi 40,000 alizomkopesha muuza mitumba mmoja wa Gikomba. Karatasi hakuna. Shahidi hakuna. Akajibu kwa utulivu wa mtu aliyetoka kuswali: "Hapo nilitawakali tu." Wenzangu wakatikisa vichwa kama waliosomewa dua.

Ni mara ya tatu mwezi huu nalisikia neno hilo likifanyishwa kazi isiyo yake. Wa kwanza alikuwa kijana aliyeacha siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo ipite. Wa pili, fundi wa umeme, na habari zake tuziache.

Kutawakali ni kumwachia Mungu matokeo ukishafanya lililo juu yako. Basi, maana ndiyo hiyo.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, mzizi w-k-l, na ndugu zake unawajua vizuri: wakili, wakala, kuwakilisha. Kwa asili, anayetawakali amemfanya Mungu kuwa wakili wake. Sasa nenda pale Milimani mahakamani umtafute wakili, umwambie una kesi, halafu ukae kimya. Atakuuliza hati iko wapi, ilikuwa tarehe gani, nani aliona. Hata wakala wa M-Pesa wa mtaani hakutolei pesa kwa kuwa unamwamini, anataka kitambulisho. (Mfano huu una mwisho wake, najua. Wakili wa Milimani unamlipa, na akikuudhi unatafuta mwingine. Kwa Mungu hukumu unaipokea ilivyo, na hapo ndipo tawakali inapouma.)

Kuna hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mmoja wa wakusanyaji wa maneno ya Mtume, ambayo kila aliyepita madrasa anaijua. Mtu alimuuliza Mtume: nimfunge ngamia wangu kisha nitawakali, au nimwache huru nitawakali? Akaambiwa, mfunge kisha tawakali. Watu huihadithia wakapita mbio, lakini kitenzi cha Kiarabu kilichotumika hapo kwa "funga" kina mzizi uleule uliotupa sisi neno akili. Kamba ya ngamia na akili ni ukoo mmoja! Wazee wa lugha ile waliona kwamba akili ni kitu cha kufungia.

Tazama pia katika Kurani aya ya 159 ya sura ya Aal Imran, iliyokuja baada ya vita vya Uhud. Mtume anaamrishwa ashauriane na watu, kisha aazimie, kisha ndipo atawakali. Shauri, azimio, tawakali: maneno yote matatu tumeyaingiza katika Kiswahili, ila mpangilio tumeuacha njiani. Na huko Uhud kwenyewe, huyo ambaye hakuna aliyemzidi kwa tawakali alivaa deraya mbili, yaani mavazi ya chuma ya vitani, moja juu ya nyingine.

Kuhusu deni ndiyo usiseme. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Al-Baqara, haizungumzii pepo wala moto. Inasema mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni, tena mweke mashahidi. Majirani zangu Wakristo nao wana "kwa imani" yao inayoteswa vilevile, na Injili yao ya Luka, sura ya 14, inamtaja anayetaka kujenga mnara kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Waarabu wana neno la hiki anachokifanya shemeji. Wanasema tawaakul, kwa kuvuta ile "a" ya katikati, nalo maana yake ni kila mmoja kumwachia mwenzake kazi, mwishowe haifanywi. Irabu moja ikivutwa, ibada inageuka uvivu. Na sisi hatuna haja ya kuazima, maana Kiswahili kimeshatupangia: kuna kutegemea, na kuna kutegea. Muulize nyapara yeyote wa mjengo akuonyeshe anayetegea. Atakunyoshea kidole kabla hujamaliza swali.

Kwa hiyo, shemeji wangu, kwa heshima zote, hukutawakali. Ulitegea. Na sisi tuliokuona ukizihesabu zile noti tusiseme neno, tulitegea pamoja nawe, kila mmoja akidhani mwenzake atauliza. Jamaa wa Gikomba bado yupo kibandani kwake, na hajakataa kwamba anadaiwa. Twende kesho asubuhi na daftari, mimi nitakuwa shahidi wa kwanza, wa pili umtafute wewe. Akishatia sahihi, hapo tutawakali sote.