Ufundi wa mikono ukubwani: yanayosemwa Dar es Salaam na ukweli wake

Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Baada ya hapo nyumba inapoa kuanzia saa mbili asubuhi: watoto wako kazini, wajukuu wako shule. Hali hiyo anaijua pia mama aliyeacha ajira ili alee, na muuguzi wa zamu za usiku. Wengi wao wanatamani kushika sindano, patasi au brashi wakiwa na wenzao, ila wanazuiwa na maneno yasiyo na ukweli. Upweke wa mchana katika jiji hili unaumiza watu wengi kuliko tunavyokiri, ndiyo maana maneno hayo yananikera.

"Mafunzo ya watu wazima ni ya jioni"

Kozi za jioni zipo, lakini ufundi mwingi unafanyika mchana kwa sababu kazi yenyewe inataka hivyo. Chukua batiki. Nta inayeyushwa na kugongwa kwa mhuri juu ya kitambaa cha pamba, kisha kitambaa kinachovywa kwenye rangi iliyochanganywa na kemikali mbili, soda kostiki na haidrosalfaiti. Kikitoka kwenye beseni, rangi bado siyo utakayoivaa. Inakomaa ikipata hewa. Unakianika kikauke, na ukitaka rangi ya pili unarudi kwenye nta tena, halafu mwisho nta yote inatolewa kwa maji ya moto. Hayo hayaishi kwa saa mbili chini ya taa. Soda kostiki inaunguza ngozi, kwa hiyo mwalimu asiyejali glavu muage, utafute mwingine.

Tena saa nne asubuhi unapata kiti kwenye daladala, jambo ambalo saa kumi na mbili jioni ni la kuombea dua.

"Yangekuwepo madarasa ningeona tangazo"

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sehemu kubwa ya mafunzo ya Dar haina bango la darasa. Unamwendea fundi, mnakubaliana ada na siku, unakaa pembeni yake na kuanza kwa kazi ndogo. Fundi cherehani wa mtaani kwako anaweza kuwa ndiye mwalimu unayemtafuta. Mwenge kwenye vinyago, wachongaji wanafanya kazi mbele ya macho ya wateja, na Msasani wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wako hivyohivyo. Kuuliza hakulipiwi.

Mtu mwingine wa kumwona ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Yeye anavijua vikundi vya eneo lake, kwa kuwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) kwa kawaida hutolewa kupitia vikundi. Muulize wazi: nani anasuka, nani anashona, wanakutana siku gani na wapi. Uliza pia msikitini au kanisani.

Anayetaka taasisi naye hakosi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi fupi katika chuo chao cha Chang'ombe. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha mambo kama batiki, sabuni na usindikaji wa vyakula. Mikocheni kuna Nafasi Art Space, iliyopo tangu 2008, ambako wasanii wana karakana zao na huandaa warsha. Popote uendapo, kabla ya kulipa uliza kama ada inajumuisha vifaa, cherehani moja inatumiwa na wanafunzi wangapi, na kama kazi utakayotengeneza ni yako au inabaki kwa fundi. Hili la mwisho limegombanisha watu.

"Umri wangu umepita"

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, mtu mzima kabisa, kwa rangi za mafuta juu ya mbao za bei nafuu. Alifariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache ndugu na jamaa walikaa pembeni yake wakajifunza, nao wakafundisha wengine, na mtindo huo upo hadi leo.

Najua aibu yenyewe siyo vidole vizito, ni kufundishwa na mtoto wa juzi. Lakini kijana huyo atakuamkia shikamoo, kisha atakuambia ufumue mshono uanze upya. Mpokee kwa yote mawili.

"Kushona ni kazi ya wanawake"

Pita Kariakoo uangalie nani wamekaa nyuma ya cherehani.

"Kama haileti hela, ni kupoteza muda"

Siku hizi kila mafunzo yanaitwa ujasiriamali, na mwanafunzi anaulizwa atauza wapi kabla hajajua kushika sindano. Anayehitaji kipato, heri kwake. Ila mtu mzima ana haki ya kujifunza kitu kwa sababu anakipenda na anataka watu wa kukaa nao.

Mama zetu wa pwani walilijua hili. Mkeka hausukwi wote kwa mkupuo: unasukwa ukanda mrefu, yaani ukili, kwa ukindu (majani ya mkindu) uliotiwa rangi, kisha kanda zinashonwa ubavu kwa ubavu. Mkono ukishazoea, kusuka ukili kunaacha mdomo huru, ndiyo maana akina mama husuka pamoja na habari zote za mtaa zinapita hapo. Vikundi vya namna hii bado vipo. Baadhi ni vikoba pia, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kwa hiyo omba uone katiba ya kikundi, na sema mapema kama hutaki kununua hisa. Ukilazimishwa, tafuta kikundi kingine.

"Bila cheti umepoteza bure"

Kama huendi kuomba kazi, cheti cha nini? Na ukija kukihitaji, VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi: aliyejifunzia kazini au kwa fundi wa mtaani anapimwa, na akifaulu anapewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili.