Kwa nini mama mkwe kapewa kidonge kimoja? Maswali na majibu kuhusu figo na antibayotiki

Mama mmoja wa Old Moshi alifika kwenye dirisha letu la dawa na vyeti viwili vya dawa, chake na cha mama mkwe wake. Wote wana UTI, na wote wameandikiwa siprofloksasini ya miligramu 500. Chake kinasema kimoja asubuhi, kimoja jioni. Cha bibi kinasema kimoja kwa siku. Akaniuliza, "Wamekosea, au bibi anabaniwa kwa sababu hana bima?" Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa kifupi. Hapa namjibu kwa nafasi, pamoja na maswali mengine tunayoulizwa kila siku.

Je, daktari alikosea?

Hapana, na ningekuwa na wasiwasi zaidi kama vyeti vingefanana.

Dozi haipangwi kwa kuangalia ugonjwa peke yake. Inapangwa pia kwa kuangalia dawa itatokaje mwilini. Waliokulia mlimani wanaujua mfongo, ule mfereji unaoleta maji kwenye migomba. Ukifungulia maji na njia ya kutokea iko wazi, shamba linalowa kwa kiasi, mengine yanaenda zake kwa jirani. Njia ikizibwa na majani, maji ni yale yale uliyofungulia jana, lakini kesho migomba imesimama kwenye dimbwi. Kwa dawa kama siprofloksasini, figo ndiyo njia kubwa ya kutokea. Ya bibi imepungua upana, kwa hiyo maji yanafunguliwa mara chache.

Figo zinatoaje dawa?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchuja. Kwa mtu mzima mwenye afya, figo huchuja takribani lita 180 kwa siku, yaani ndoo tisa za lita 20, kisha karibu maji yote hurudishwa kwenye damu. Kinachobaki, lita moja na kitu, ndicho mkojo, na dawa nyingi hutoka humo. Gentamisini, ile sindano inayoitwa "jenta", hutoka karibu yote kwa kuchujwa.

Njia ya pili ni kusukuma. Vimirija vya figo huikamata dawa kwenye damu na kuitupa kwenye mkojo bila kungoja ichujwe. Penisilini hutoka hivyo, na hutoka mbio kweli: kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya sindano ya kawaida huondoka kwenye damu ndani ya dakika 30 hivi. Mwaka 1941 kule Oxford, Uingereza, penisilini ilipokuwa adimu, madaktari waliomtibu polisi Albert Alexander walikuwa wanakusanya mkojo wake, wanaitoa dawa humo na kumchoma tena. Alianza kupata nafuu, dawa ikaisha, akafariki. Nikimwona mtu anaacha dozi katikati huwa namkumbuka yule polisi.

Lakini kipimo cha bibi kilisema figo ni nzuri!

Kilisema kreatinini ni 88, na maabara haikuweka alama yoyote. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakiwemo watu wa kazi yetu.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Bibi ana miaka 84 na kilo 40, misuli yake imebaki kidogo, kwa hiyo taka anayozalisha ni kidogo. Hata figo zikichoka, namba haipandi sana. Ndiyo maana kuna hesabu inayoingiza umri na uzito. Chukua 140, toa umri: 56. Zidisha kwa kilo 40: 2,240. Gawanya kwa 72: inakuja 31. Kwa mwanamke zidisha kwa 0.85, unapata kama 26. (Kreatinini ya 88, kwa maikromoli kwa lita, ni sawa na 1 kwa kipimo cha mg/dL, kwa hiyo hesabu inaishia hapo. Ikiwa nyingine, unagawanya tena kwa namba yake ya mg/dL.) Mkwe wake ana miaka 32 na kilo 68. Tuseme naye kreatinini yake ni 88 vile vile: hesabu inatoa kama 87.

Karatasi zinafanana, ila mmoja anachuja mililita 87 kwa dakika, mwingine 26. Kwa siprofloksasini, chini ya 30 ndipo dozi hupunguzwa.

Dawa ikijaa mwilini inafanya nini?

Inategemea dawa. Jenta ndiyo ya kuogopwa kuliko zote zinazopita dirishani kwangu. Kwa figo nzima, nusu yake hutoka kwa saa mbili au tatu. Figo zikiwa zimefeli, nusu hiyo hiyo inaweza kukaa zaidi ya siku nzima. Ikirundikana huumiza figo zenyewe, ambazo ndizo zingeitoa, na huharibu sikio la ndani. Figo mara nyingi hurudi. Masikio yakishakufa kwa jenta hayarudi. Mgonjwa anayechomwa jenta akilalamika mlio masikioni au kizunguzungu, muuguzi aambiwe kabla ya sindano inayofuata.

Dawa za jamii ya penisilini zina subira zaidi, ila dozi kubwa kwenye figo zilizochoka zinaweza kuleta kuchanganyikiwa, hata degedege. Ndugu husema mzee "amerukwa", kumbe ni dawa.

Septrini ina lake: hupandisha potasiamu, aina ya madini, kwenye damu. Mgonjwa wa figo akiwa pia anameza losartani au enalaprili za presha, mambo yanaweza kufika kwenye moyo. Na sisi tuko Kilimanjaro, mtori asubuhi, ndizi nyama mchana. Ndizi nazo zimejaa potasiamu.

Kuna na kinyume chake. Nitrofurantoini ya UTI hufanya kazi kwa sababu figo huikusanya kwenye mkojo. Figo zikiwa dhaifu sana, dawa haifiki kibofuni. Mgonjwa anapata madhara bila kupona.

Ni antibayotiki zote?

Hapana. Doksisaiklini, azithromaisini na metronidazoli hutegemea zaidi ini na nyongo. Seftriaksoni hugawana njia, kwa hiyo dozi ya kawaida kwa kawaida haibadilishwi.

Basi na mimi nikate kidonge nusu, niko na miaka 70?

Usikate. Dozi ya kwanza mara nyingi hubaki ile ile hata kwa mwenye figo mbovu, maana shamba kavu linahitaji kulowa kwanza. Kinachopunguzwa ni zile za kufuata, na hata hapo dawa nyingine hupunguzwa kiasi, nyingine huongezewa masaa kati ya dozi na dozi. Ukikata kwa kukisia unaweza kuwaacha wadudu hai, wamezoeshwa dawa.

Nikinywa maji mengi, dawa itatoka haraka?

Mkojo utaongezeka, uchujaji hautaongezeka kwa maana yoyote. Kunywa kwa kiu yako. Mwenye figo zilizofeli asijilazimishe, atavimba miguu.

Baba anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Antibayotiki ni kabla au baada?

Nyingi ni baada, kwa sababu mashine nayo ni njia ya kutokea. Akipewa jenta saa moja kabla, sehemu kubwa inaishia kwenye mashine. Waulizeni wauguzi wa kitengo, wanazo saa zao.

Kiuno kinaniuma. Ni figo?

Mara nyingi ni mgongo. Figo zinazochoka taratibu haziumi, na hilo ndilo baya lake. Mwenye sukari, presha, au anayetumia tenofovia (dawa ya VVU) apime kreatinini na protini kwenye mkojo hata kama anajisikia mzima. Na hiyo diklofenaki unayomeza kwa ajili ya kiuno, usiichanganye na jenta bila daktari kujua: zote mbili zinaibana figo.

Nije na nini dirishani?

Umri, uzito, na karatasi ya kreatinini ya karibuni. Yule mama aliirudia ile ya bibi nyumbani, akaipiga picha kwa simu, akaniambia, "Nimeiweka kwenye group la familia, maana huyu ana watoto saba na kila mmoja anamletea dawa yake."