Je, Kadi ya Chama cha Wafanyakazi Ndiyo Kura?

Wengi huamini kwamba mwanachama wa chama cha wafanyakazi hupiga kura kama viongozi wake walivyoelekeza, hivyo vyama vikiazimia kumng'oa gavana, basi ameng'oka. Dhana hii ina chanzo chake. Jimboni Wisconsin, Marekani, baada ya sheria ya 2011 kubana haki ya watumishi wengi wa umma kujadiliana mikataba ya hali bora, ombi la kumrudisha gavana kwa wapiga kura kabla ya muda wake kwisha lilihitaji saini 540,208 ndani ya siku 60, yaani robo ya kura zote zilizopigwa katika uchaguzi wa ugavana uliotangulia. Zilizokubaliwa zilizidi 900,000, na vyama vilikuwa mstari wa mbele kuzitafuta.

Hata hivyo, saini si kura. Tarehe 5 Juni 2012 gavana alibaki madarakani kwa takriban asilimia 53. Wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walitoa jibu ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza mengi: asilimia 60 hivi walisema kura ya namna hiyo inafaa tu kiongozi akitenda kosa kazini. Aidha, zaidi ya theluthi ya waliotoka kaya zenye mwanachama wa chama cha wafanyakazi walimchagua gavana huyo.

Anayetaka kuhakiki aanze na matokeo rasmi ya kila kaunti, kisha afungue taarifa za michango ya kampeni, ambazo huonyesha mchangiaji, kiasi na tarehe. Mahojiano ya vituoni ayasome kwa tahadhari, kwa kuwa ni sampuli tu.