"Utafiti ni dodoso": dhana potofu zinazoharibu tasnifu

Mwanafunzi anafika kwa msimamizi akiwa na dodoso la maswali 40, limeshachapwa na kubanwa pini. Akiulizwa swali lake la utafiti ni lipi, anataja mada. Akiulizwa kwa nini dodoso, anajibu kwamba utafiti ndivyo ulivyo: unagawa dodoso, unaingiza majibu kwenye SPSS (programu ya takwimu), unatoa majedwali, unaandika sura ya nne. Hii ndiyo dhana inayokula muda na nauli za wanafunzi wengi kuliko nyingine zote, kwa hiyo ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Dhana: Utafiti ni dodoso na SPSS

Dodoso linafaa pale unapotaka kujua jambo ambalo mtu analijua na anaweza kulisema: umri wake, mazao aliyouza msimu uliopita, mara ngapi amekwenda zahanati. Lisipokuwa jambo la namna hiyo, dodoso litakupa maoni ya watu kuhusu jambo, nawe utayaandika kana kwamba ndilo jambo lenyewe. Ukiwauliza wakulima kama udongo wao umepoteza rutuba, umepata wanachokifikiri. Rutuba inajulikana kwa kupima udongo.

Tazama kinachofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlimani, kampasi yake kuu, peke yake, mwendo wa miguu tu kutoka jengo moja hadi jingine, wapo wahandisi wanaovunja zege kwenye mashine, wanaakiolojia wanaopanga vigae kwa tabaka za udongo, wanakemia wanaokamua dawa kwenye magome, na wa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) wanaochambua lugha na fasihi. Zanzibar ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa 1978. Wengi wao huweza kumaliza tasnifu nzima bila kumpa mtu yeyote dodoso.

Chukua mwani. Swali ni hili: je, mwani unakua haraka zaidi kwenye maji ya kina kirefu kuliko kwenye kina kifupi cha ufukweni? Hakuna wa kumuuliza hapo. Unakata vipande vya mbegu vya gramu 100, unavifunga kwa taitai (kikamba chembamba cha plastiki) kwenye kamba, sentimita 20 kati ya kipande na kipande, unaikaza kamba kwenye vigingi, kisha unarudi kupima. Siku za kupima kwenye shamba la kina kifupi zinapangwa na bamvua, kwa sababu ndipo maji yanapotoka vya kutosha. Ratiba iliyoandikwa "kila Jumatatu" itakukuta umesimama ndani ya maji ya kifua. Kipande cha gramu 100 kikifika gramu 600 baada ya siku 42, kasi ya ukuaji ni logarithi asilia ya 6 igawanywe kwa 42, mara 100: takriban asilimia 4.3 kwa siku.

Kazi hii huharibika sehemu tatu. Kwanza, mwani unapimwa ukiwa unachuruzika leo na ukiwa umekaushwa kesho. Utikise kwa namna moja na usubiri dakika zilezile kila mara, la sivyo unapima maji. Pili, vipande vinavyokatika na kuchukuliwa na maji huachwa nje ya hesabu kimyakimya, na wastani unapanda kwa sababu vilivyobaki ni vile vyenye afya. Vilivyokatika vihesabiwe na viandikwe. Tatu, na hili ndilo kubwa, mtafiti anaweka shamba moja la kina kifupi na moja la kina kirefu, vipande 20 kila moja, halafu anaandika kwamba ana sampuli 40. Ana sampuli 2. Vipande vyote vya shamba moja vinakula maji yaleyale, samaki walewale, ugonjwa uleule. Mashamba matatu au manne ya kila kina, yenye vipande vitano vitano, yana thamani kubwa kuliko hayo mawili yenye vipande 20.

Upande wa lugha, dodoso hudhuru hata zaidi. Mwanafunzi anayetafiti Kimakunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja, akimuuliza mzee "mnasemaje neno fulani", mara nyingi atajibiwa kwa Kiswahili Sanifu, kwa heshima, kwa kuwa muulizaji ni msomi na mgeni. Rekodi mazungumzo ya watu wawili wanaofahamiana, wewe ukiwa umekaa pembeni. Orodha ya maneno ije mwisho, kwa kuhakiki. Tumia faili la WAV, kHz 44.1 na biti 16. Sauti iliyobanwa na simu hupoteza sehemu ya mawimbi, na ukitaka kupima irabu kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, utakuwa unapima simu. Na usipange kurekodi saa 30 kwa tasnifu ya uzamili: saa moja ya mazungumzo huchukua siku nzima au zaidi kuinukuu vizuri.

Kwa hiyo agizo langu kwa kila anayeanza ni moja. Andika swali kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Chini yake andika ni kitu gani, kikionekana, kitakuonyesha kwamba jibu ni ndiyo, na kipi kitakuonyesha kwamba ni hapana. Kitu hicho ndicho data yako, na kinakuambia chombo cha kutumia. Usipoweza kuandika mstari wa pili, hujafika kwenye uchaguzi wa mbinu.

Dhana: Sampuli lazima iwe asilimia 10 ya watu wote, na ikifika 400 umemaliza

Asilimia haina kazi kubwa hapa. Kanuni ya Yamane ambayo kila andiko linainukuu, N igawanywe kwa (1 + Ne²), ambapo N ni idadi ya watu wote na e ni kosa linalokubalika, inaonyesha hivyo yenyewe: kwa kosa la asilimia 5, wilaya ya watu 200,000 inahitaji 399, na mkoa wa watu 2,000,000 unahitaji 400. Wasichosoma wengi ni sharti lake: uteuzi wa nasibu sahili, yaani kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, kutoka kwenye orodha kamili. Ukisimama sokoni na kuwadodosa waliokubali kusimama, kanuni hiyo haikuhusu.

Tena, lile tatizo la mashamba ya mwani linarudi hapa. Wanafunzi 400 kutoka shule 20, yaani 20 kila shule, hawafanani na 400 waliotawanyika. Uwiano wa ndani ya shule, yaani kiasi ambacho wanafunzi wa shule moja wanafanana, ukiwa 0.2, idadi inagawanywa kwa 1 + (19 × 0.2), yaani 4.8, na unabaki na taarifa sawa na ya watu 83. Wale wale 400 wakitoka shule 50, wanane kila shule, unagawanya kwa 2.4 na unapata 167. Nauli ya kufika shule nyingi zaidi ina faida kuliko kurundika wanafunzi kwenye shule chache.

Dhana: p ikizidi 0.05, utafiti umefeli

Haujafeli. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama uliyoipata, au zaidi, kama kwa kweli hakuna tofauti. Toa tofauti uliyoipata pamoja na kipindi cha uhakika cha asilimia 95, yaani masafa ya thamani ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwamo. Kikiwa chembamba na kinazunguka sifuri, umeonyesha kwamba hakuna tofauti kubwa, na hayo ni matokeo. Kikiwa kipana, data yako haitoshi kusema lolote, nawe useme hivyo. Kubadilisha vipimo hadi p ishuke ni udanganyifu.

Dhana: Utafiti wa lugha na fasihi ni maoni ya mwandishi

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 haikutoka kichwani mwa mtu. Kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa kwenye kamusi, kinahitaji ushahidi wa matumizi, ngeli, na maana zilizotenganishwa. Mhakiki wa ushairi naye anadaiwa ushahidi: beti, mizani, toleo gani la muswada.

Dhana: Mradi wa shahada ya kwanza ni mazoezi tu

Mchemraba wa zege wa milimita 150 unaovunjika kwa kilonewtoni 506 una nguvu ya N/mm² 22.5, awe ameumwaga profesa au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Vunja mitatu siku ya 7 na mitatu siku ya 28, uitunze yote ndani ya maji muda wote. Ikiachwa juani wikendi moja, usilaumu saruji.

Dhana: Barua ya chuo inafungua milango yote

Barua ya kibali huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, kwenye halmashauri, kata, hadi kijiji au mtaa, na kila ngazi inaweza kukuweka siku kadhaa. Ipe wiki tatu kwenye ratiba. Ukigusa wagonjwa, damu au kumbukumbu za hospitali, unahitaji idhini ya maadili ya utafiti wa afya, na hiyo huombwa kabla hujakusanya chochote. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kazi ikiwa Unguja au Pemba, kibali cha Zanzibar huombwa peke yake. Cha bara hakitoshi, hata kama jambo lenyewe ni kamba mbili za mwani.