Kifungu cha 146 kinamlenga nani?

Kila msako wa dada poa ukifanyika Dar es Salaam, simu yangu haipoi. Swali ni lile lile: "Wakili, kwani kujiuza ni kosa?" Mimi huanza kwa kuwapeleka Malawi, na wengine hukata simu hapo hapo.

Kanuni zetu za Adhabu na zile za Malawi ni ndugu wa tumbo moja. Zote zilitungwa enzi za Mwingereza, karibu 1930. Hadi namba zinafanana: 145 ni cha mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba, 146 cha mwanamke. Kule Dedza polisi waliwakamata wanawake 19, wakawashtaki kwa 146, na hakimu akawatia hatiani. Shauri likafika Mahakama Kuu, Zomba, kwa mapitio. Septemba 2016 Jaji Zione Ntaba akaifuta hatia hiyo: kifungu kiliwekwa kumbana anayenenepa kwa mgongo wa kahaba, hakikuwekwa kumwadhibu mwanamke kwa pesa aliyoichuma mwenyewe.

Msishangilie bado. Hukumu hiyo inaweza kumshawishi jaji wetu, lakini haimfungi. Tena tuna kifungu cha 176, kinachomnasa kahaba anayezurura au kutafuta wateja hadharani. Kwa maneno mengine, kosa lake ni kusimama pale barabarani.

Na hata kuwabana "wanaonufaika" kuna mtego wake. Nchini Canada, katika shauri la Bedford la 2013, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walibatilisha katazo la namna hiyo, kwa sababu lilimkumba kuwadi pamoja na dereva au mlinzi anayemkinga mwanamke asiuawe. Bunge lao likajibu 2014 kwa kumfanya mnunuzi kuwa mkosaji. New Zealand ilikwisha kuhalalisha biashara hiyo 2003, kwa kura 60 dhidi ya 59. Mimi naegemea New Zealand, ingawa najua hapa kwetu hoja hiyo haitapita bungeni leo wala kesho.

Kwa hiyo anayenipigia kutoka kituoni huwa namwambia jambo moja: uliza hati ya mashtaka imeandikwa kifungu gani. Kama ni 146, usiharakishe kukiri ili ulipe faini urudi nyumbani. Kwanza waeleze hizo pesa walizokukuta nazo zilitokana na ukahaba wa nani.