Ayalandi walivyopigia kura ndoa za jinsia moja, na fomu ya kodi iliyoanzisha kesi

Nafundisha sheria ya katiba hapa Dublin, na nikienda nyumbani Kenya swali ni lile lile kila mwaka, ilikuaje hii nchi ya mapadri ikakubali ndoa za jinsia moja, tena sio kwa amri ya korti wala ya wabunge, ni wananchi wenyewe kwa kura? Mamangu alisomeshwa na masista kutoka huku. Matokeo yalipotoka Mei 2015 alinipigia simu akaniuliza, "Ayalandi gani hiyo, si hii ya kina Sista?" Nikamwambia ni hiyo hiyo mama. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza kama baridi imeisha.

Sasa nieleze vizuri manake kwa simu huwa siwezi.

Kwanza maneno. Kiswahili tuna shida moja, "kura ya maoni" ni ile ya kubadilisha katiba kama yetu ya 2010 ya kijani na nyekundu, na pia ni zile takwimu za watafiti wanaouliza watu elfu moja kwa simu. Hapa nikisema kura ya maoni namaanisha ile ya sanduku, ile ingine nitaita utafiti. Na "shoga" sitatumia, pwani mwanamke akimwita mwenzake shoga ni rafiki yake tu wa kupiga stori, lakini kwingine limegeuzwa tusi.

Hadithi kisheria inaanzia kwa fomu ya kodi, amini usiamini. Katherine Zappone na Ann Louise Gilligan walikua wameishi pamoja miaka mingi, Septemba 2003 wakaenda Vancouver wakafunga ndoa manake huko Canada ilisharuhusiwa, wakarudi Dublin wakaandikia watu wa kodi: sisi ni wanandoa, tutozeni kodi kama wanandoa. Wakakataliwa. Wakaenda Mahakama Kuu na Desemba 2006 wakashindwa. Jaji alisema katiba ya 1937 kifungu cha 41 inalinda ndoa, ni kweli haisemi ndoa ni ya nani na nani, lakini ndoa imeeleweka siku zote kua ya mume na mke na hajaona ushahidi kwamba maana hiyo imebadilika.

Hapo ndio pa kushika. Katiba yetu ya Kenya kifungu cha 45 imeandika wazi kabisa kwamba haki ni ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, hakuna cha kubishania. Ya Ayalandi ilikua kimya. Mawakili walibishana miaka kama bunge lingeweza kupitisha tu sheria ya kawaida bila kuguza katiba, na kuna wenzangu mpaka leo wanasema ingewezekana. Serikali iliogopa, ikaona mtu atakimbilia kortini siku ya pili na sheria itaanguka, na huku katiba haibadilishwi bila wananchi kupiga kura, hata kama ni koma unahamisha. Kwa hivo 2010 wakapitisha sheria ya kuwaandikisha wapenzi wa jinsia moja kama wenza, haki nyingi ziko lakini jina la ndoa hakuna na ulinzi wa katiba hakuna, alafu swali kubwa wakaliweka kando.

Watu wanadhani Wa-Ayalandi waliamka siku moja wakawa wa kisasa. Hapana bana. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilimwambia David Norris, mwalimu wa chuo kikuu, kwamba sheria za 1861 na 1885 zinazofanya mapenzi ya wanaume wawili kua jinai ziko sawa, majaji watatu kwa wawili. Hizo ni sheria za Mwingereza, ndugu wa damu wa vifungu 162 na 165 vya sheria yetu ya jinai ambavyo Mahakama Kuu ya Nairobi ilivibakisha Mei 2019. Norris akaenda Strasbourg kwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, wakili wake akiwa Mary Robinson aliyekuja kua rais, akashinda 1988, na bado serikali ikakaa miaka mitano ndio ikafuta hizo sheria 1993. Talaka nayo? 1986 walipiga kura kuiruhusu, utafiti wa mwanzoni ulionyesha itapita, ikafika siku yenyewe asilimia 63 wakasema hapana. 1995 wakajaribu tena ikapita kwa tofauti ya kura 9,114 nchi nzima. Yani kura elfu tisa na kitu, hiyo ni wadi moja ya Nairobi.

Hiyo ya 1986 ndio iliwakaa kichwani watu wa kampeni ya 2015. Utafiti ulikua unawapa zaidi ya asilimia 70 na hawakuamini hata kidogo, walijua ndio nyingi ni za adabu, mtu anamwambia mtafiti ndio ili asionekane mbaya, alafu akiona bango la mtoto wiki ya mwisho anayeyuka. Na mabango yalikuja kweli, upande wa Hapana walijaza nguzo za stima na picha za watoto, ati mtoto anastahili mama na baba. Hiyo ni hoja ya nguvu msiidharau. Lakini hapa serikali ilicheza kama wao, kabla ya kura walipitisha sheria ingine kabisa ya watoto na mahusiano ya familia, ikasainiwa Aprili 2015, mambo ya kuasili yakawa yamemalizwa bungeni. Kwa hivo mtu akisema "watoto je?" unamjibu hiyo tayari ni sheria, kura hii iwe ndio au hapana haibadilishi. Mimi kama mwanasheria naona hapo ndipo walishinda nusu ya mechi, na hakuna mtu anaiongelea manake haina picha nzuri.

Kitu kingine hakuna mtu anaongelea, na mimi nakipenda mno, ni Kiayalandi. Katiba ya huku ina lugha mbili na zikigongana ile ya Kiayalandi ndio inashinda, hata kama walio wengi hawaiongei nyumbani. Rasimu ya kwanza ya Kiayalandi iliandikwa vibaya, ukiitafsiri ilivyokaa ilisema wawili wanaweza kuoana wawe ni wanaume au ni wanawake, na kuna watu wakasema ngoja, hapo mume na mke wameingia wapi? Ukiisoma kwa ukali ilikua inaruhusu ndoa za jinsia moja PEKEE. Ikabidi Machi 2015, miezi miwili kabla ya kura, waiandike upya. Niliwaonyesha wanafunzi wangu rasimu zote mbili wakacheka mpaka nikashindwa kuendelea na somo. Ile iliyopita maana yake ni fupi, kwamba watu wawili wanaweza kufunga ndoa kwa mujibu wa sheria bila kujali jinsia zao. Ukiona swali la katiba limebanwa hivo jua kuna mtu alikosa usingizi.

Na hili swali halikutoka kwa wanasiasa peke yao. Kulikua na baraza la katiba la watu 100, mwenyekiti mmoja, wanasiasa 33, na raia 66 waliochaguliwa kwa bahati nasibu tu, fundi, mama wa nyumbani, mstaafu, wakakalishwa hotelini wikendi wakasikiliza pande zote wakauliza maswali. Aprili 2013 asilimia 79 yao wakapendekeza kura iitishwe. Wabunge waliokua wanaogopa wapiga kura wao wakaona kumbe wapiga kura wenyewe hawaogopi.

Mimi sikupiga, kura ya maoni huku ni ya raia peke yake na wakati huo nilikua na kadi ya ukaazi tu. Lakini nilitembea. Mwenzangu wa ofisini aliniambia twende jioni moja ubebe karatasi, tukaenda mtaa mmoja kaskazini mwa Dublin, nyumba za matofali zinafanana zote. Nilidhani tutaenda kubishana dini. Mzee mmoja alitufungulia akatusimamisha kwa mvua kama dakika kumi akilalamikia bili ya maji, manake mwaka huo serikali ilikua imeanza kutoza maji na nchi nzima imekasirika, maji hivi maji vile, wezi nyinyi, sisi tunatingisha kichwa tu, mwishoni akasema haya basi, hao vijana nitawapa kura yangu, lakini mwambieni waziri simlipi hata senti. Akafunga mlango. Mwenzangu akaandika "ndio" kwenye karatasi yake. Nyumba ya pili walitufungia usoni kabla hajamaliza salamu, akaandika pia.

Amri ya kampeni ilikua usimtukane mtu wa Hapana, usimwite mbaguzi, mwambie tu habari yako. Walivaa beji imeandikwa kwa Kiingereza kwamba mimi napiga ndio, niulize kwa nini. Ujanja uko hapo, kazi ya kuuliza umeachiwa wewe. Na watu waliongea. Januari 2015 Leo Varadkar, waziri wa afya, alisema kwenye redio ya taifa kwamba yeye mwenyewe ni mpenzi wa jinsia moja. Ursula Halligan, mhariri wa siasa wa televisheni na Mkatoliki wa dhati, aliandika gazetini kwamba alijificha tangu msichana wa shule. Wanafunzi wa chuo nao wakaanza kampeni ya mpigie nyanya yako simu, na hapa nyanya ni bibi sio ya kupika, mjukuu anampigia anamwambia shosho nakuomba kura. Utamkatalia mjukuu?

Ndio maana napinga wanaosema wazee walikufa vijana wakachukua nchi. Kati ya talaka ya 1995 na hii ni miaka 20 tu, waliopiga ile wengi walikua hai, kuna watu kibao walibadilika wakiwa na akili zao timamu manake aliyekua anazungumziwa aligeuka kua mpwa wao, au daktari wao. Kanisa nalo lilikua limepoteza sauti, ripoti mbili za 2009 kuhusu watoto walivyodhulumiwa mikononi mwa mapadri na kwenye taasisi za kanisa zilifanya askofu akiongea habari ya familia watu waangalie chini. Lakini kulipunguzia kanisa heshima hakumpi mtu kura yako, bado ilibidi mtu aje mlangoni.

Tarehe 22 Mei 2015. Waliohamia nje hawatumiwi kura kwa posta, kwa hivo wiki hiyo vijana waliabiri ndege na meli kutoka Uingereza na mbali zaidi kurudi kupiga, na waliojiandikisha dakika za mwisho walikua zaidi ya 60,000. Kesho yake asubuhi masanduku hayajamaliza kuhesabiwa kiongozi mkubwa wa upande wa Hapana alishakubali na kupongeza wenzake, nikakumbuka chaguzi zetu nikajisikia vibaya kidogo. Ndio 1,201,607, Hapana 734,300, asilimia 62 kwa 38. Majimbo 43, lililosema hapana ni moja tu, Roscommon–South Leitrim. Na siku hiyo hiyo waliulizwa kama umri wa kugombea urais ushushwe kutoka 35 mpaka 21, asilimia 73 wakakataa. Ndoa sawa, lakini sio mtoto Ikulu.

Ndio nacheka pia nikisikia ati Ayalandi inakubali kila kitu cha "kimagharibi". Machi 2024 waliletewa mabadiliko mawili ya katiba, moja la maana ya familia na lingine la walezi nyumbani, serikali na vyama vikubwa wote wakiunga mkono, yakaanguka kwa asilimia 68 na 74. Maswali yalikua na ukungu, hakuna aliyejua litafanya nini kortini, na mlango kwa mlango haikuonekana.

Sasa mahali mimi na mwenzangu yule tunatofautiana. Watu wengi wa haki za binadamu wanaisifu sana Ayalandi kama mfano wa kuigwa, ati waulizeni wananchi. Mimi sipendi. Ilishinda sawa, lakini fikiria unagonga mlango wa jirani unamwomba ruhusa ya kuoa, na yeye ana haki ya kukuambia hapana, na kesho mtakutana dukani. Mwenzangu anasema kura iliwapa kitu korti haiwezi kuwapa, kwamba hakuna mtu atakuja kusema mlilazimishiwa na majaji, na anasema hata yule mzee wa maji sasa ni wake. Sijui kama naweza kumbishia, yeye ndiye alisimama kwa mvua akiomba, mimi nilishika mwavuli.

Siku ya matokeo Zappone, ambaye alikua seneta, alimposa tena Gilligan mubashara kwenye televisheni, na Gilligan akasema ndio. Sheria ilianza kazi 16 Novemba 2015 na kesho yake ndoa ya kwanza ikafungwa Clonmel. Ila zile zilizofungwa nje hazikuhitaji sherehe wala fomu, zilitambuliwa zenyewe siku ile sheria ilipoanza, kwa hivo ile ya Vancouver, miaka 12 baada ya kufungwa, ikawa ndoa hapa ofisi ikifunguliwa Jumatatu asubuhi.